Mgonjwa, Mganga na Mashine: Shauri ni la Nani?



Habari za akili mnemba, yaani mashine zinazofanya kazi ambazo zamani tulidhani ni za akili ya mwanadamu peke yake, zimekwisha fika hata kwetu. Zinasemwa redioni, zinasemwa ndani ya basi la Mikumi, na vijana wetu wanazo tayari katika simu zao. Wako wanaosema zitatuokoa, na wako wanaosema zitatupoteza. Katika ukurasa huu hatutaki kuwaamua watu hao. Twataka kuuliza swali moja tu, linalomhusu kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati na mtoto mgonjwa mapajani: mashine inapoingia katika chumba cha mganga na kutoa maoni yake, je, shauri la matibabu linakuwa la nani? Ni la mganga, ni la mgonjwa, au ni la mashine?

Tunaposema mganga hapa, tuna maana ya daktari, tabibu, na hata muuguzi aliye zamu peke yake usiku. Na tusidhani kuwa swali hili ni la Ulaya ya ng'ambo. Laweza kuulizwa katika Ulaya yetu hii iliyo kati ya Kilosa na Mikumi.

Jambo lililofanyika mkoani kwetu

Tangu Desemba 2021 hadi Oktoba 2022, ulifanyika utafiti katika vituo 40 vya afya na zahanati vya mikoa ya Morogoro na Mbeya. Waliofanya kazi hiyo ni Taasisi ya Afya Ifakara na taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, huko Mbeya, pamoja na wenzao wa Uswisi. Katika vituo 20 waganga walipewa kishikwambi, kifaa cha namna ile waliyokuja nayo makarani wa sensa ya mwaka 2022. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo ePOCT+. Mganga akiletewa mtoto mgonjwa, aliandika umri, uzito na dalili. Programu ilimwuliza maswali kwa utaratibu, ikamwambia apime nini, na mwisho ikamshauri juu ya ugonjwa na dawa. Pamoja na kishikwambi walipewa kipimo cha tone la damu cha kuonyesha ukali wa maambukizi, kipimo cha wingi wa damu, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Tena walipata watu wa kuwaelekeza kazini. Vituo vingine 20 viliendelea kutibu kama kawaida.

Kwa haki twaseme kwamba programu ile haikuwa akili mnemba ya kujifunza yenyewe. Ilifuata kanuni zilizoandikwa na mabingwa wa magonjwa ya watoto. Lakini ni ndugu wa karibu wa akili mnemba, na maswali inayotuletea ni yale yale.

Matokeo yalikuwaje? Ziara za watoto wagonjwa zilizohesabiwa zilikuwa zaidi ya 44,000. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vyenye kishikwambi, walioandikiwa walikuwa 23 tu katika kila 100. Na baada ya siku saba, watoto wa upande huu hawakuwa na hali mbaya kuliko wa upande ule. Waliokosa kupona hawakuzidi, wala vifo havikuzidi. Maana yake ni kwamba watoto wengi sana walikuwa wakimeza dawa zisizowasaidia. Na twajua madhara yake, kwa kuwa dawa ikitumika ovyo vijidudu huizoea, na siku mtoto anapoihitaji kweli haimfai tena.

Kukubaliana si kushauriana

Hebu tutafakari jambo hilo, maana ndani yake mna somo lisilo la dawa tu. Wale watoto 70 walipewaje antibiotiki? Hakuna aliyemlazimisha mganga, wala hakuna aliyemlazimisha mama. Mama ametoka mbali, amekaa kwenye foleni tangu asubuhi, na hataki kurudi nyumbani mikono mitupu. Mganga anaona foleni nje, anaogopa kumkosa mtoto mmoja mwenye ugonjwa mzito kati ya wengi wenye mafua, tena anataka mama aondoke ameridhika. Basi anaandika dawa. Mama anasema, "Asante daktari," na mganga anasema, "Haya mama, aliyeko nje aingie." Wote wawili wamekubaliana, na wote wawili wamekosea.

Siku hizi twasikia sana kwamba mgonjwa ashirikishwe katika maamuzi ya matibabu yake, na neno hilo ni jema. Walakini tusilichukue kijuujuu. Kama kushirikishwa ni kukubaliana tu, basi yule mama alishirikishwa vizuri kabisa. Lakini hakushauriwa. Hakuambiwa kwamba kikohozi cha namna hiyo mara nyingi huisha chenyewe. Hakuambiwa kwamba mganga naye ana mashaka. Naye hakusema linalomtia hofu hasa. Pengine jirani alizika mtoto mwezi uliopita, akadhani na huyu atakwenda njia ile ile. Watu wawili walikutana, wakafichana waliyokuwa nayo moyoni, wakaagana kwa adabu.

Kushauriana kuna mambo matatu. La kwanza, mganga aseme anachojua na asichojua. La pili, mgonjwa aseme anachojua yeye, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. La tatu, wapime pamoja, na kila mmoja awe na nafasi ya kusema "hapana" bila kuvunjiwa heshima. Likikosekana moja kati ya hayo, lililobaki ni amri, au ni mazoea.

Sasa twaweza kuiona mashine mahali pake. Katika ule utafiti, ilikuwa kama mtu wa tatu aliyeingia chumbani na kuyavunja yale mazoea ya watu wawili. Kwa hiyo tusiidharau. Lakini mtu wa tatu aweza naye kuwa mwanzo wa mazoea mapya. Jana mganga aliandika dawa bila kueleza, kwa sababu mama alitaka. Kesho atamnyima dawa bila kueleza, kwa sababu kishikwambi kimesema. Mtoto huenda atatibiwa vizuri zaidi, na hilo si dogo. Lakini mama atatoka mlangoni akiwa hajui lolote zaidi ya alipoingia, na jioni atakwenda dukani kununua vidonge vile vile kwa fedha yake.

Kile ambacho mashine haikijui

Chukua mfano wa mama wa kijiji kilicho mbali na barabara, wakati wa masika. Mtoto wake anapumua kwa shida. Kishikwambi kinasema: apelekwe hospitali kubwa leo hii. Neno hilo ni la kweli, wala hakuna bingwa ambaye angesema vingine. Lakini mama ana mtoto mwingine nyumbani, baba yuko mashambani, nauli ya pikipiki hana, na mto umejaa. Mganga asipomwuliza, mama ataitikia, "Ndiyo daktari," kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa kuwajibu wakubwa. Atachukua karatasi ya rufaa, atafunga kanga, na atarudi kijijini. Katika kumbukumbu za kituo itaandikwa kwamba rufaa imetolewa, na mashine itahesabu kuwa kazi yake imekwisha, huku mtoto akiwa kitandani kule ng'ambo ya mto.

Mganga akiuliza, "Mama, utafikaje?" mambo hubadilika. Pengine liko gari linalokwenda Kilosa. Pengine majirani wapo wa kuchanga nauli. Pengine safari haiwezekani kabisa usiku ule, na mganga itampasa kumpa mtoto sindano ya kwanza pale pale na kupiga simu kuomba msaada. Swali hilo moja la nauli laweza kuokoa maisha, na mwenye jibu lake ni mama.

Tena yako maamuzi yasiyo na jibu moja hata kwa wataalamu. Mzee mwenye kisukari ana kidonda mguuni. Je, akubali kukatwa sasa, au ajaribu wiki chache zaidi akijua hatari yake? Mashine yaweza kumwambia hatari ni kubwa kiasi gani. Haiwezi kumwambia thamani ya mguu huo kwake yeye, anayelima bonde la Mkondoa kwa jembe la mkono. Hilo ni lake, na halimo katika hesabu ya mashine wala ya mganga.

"Lakini mashine inajua kuliko sisi"

Wengine watajibu hivi: "Kama mashine inajua zaidi, kwa nini tupoteze muda na maoni ya mtu asiyesoma?" Hoja hiyo ina nguvu, wala si vema kuipita kimya.

Ni kweli kwamba mashine zinazidi kuwa hodari. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanyika huko Nairobi katika kliniki 15 za Penda Health pamoja na kampuni ya OpenAI. Ziara za wagonjwa zilizohesabiwa zilikuwa 39,849. Kwa waganga wa upande mmoja, akili mnemba ilisoma maandishi ya mganga alipokuwa akiandika, ikamwonyesha rangi kama za taa za barabarani: kijani kama mambo ni sawa, njano kama kuna la kuangalia, nyekundu kama kuna hatari. Neno la mwisho lilibaki la mganga. Waganga waliokuwa na msaada huo walipungukiwa makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu kwa asilimia 13, kuliko wenzao. Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya pande mbili haikuwa ya kutosha kuitegemea. Basi makosa kupungua katika maandishi ni jambo jema, lakini bado liko umbali kati ya karatasi iliyoandikwa vizuri na mtu aliyepona. Na mgonjwa ni sehemu ya umbali huo: ndiye anayemeza dawa au kuiacha, anayerudi kliniki au asiyerudi.

Pili, mashine hujua yale iliyofundishwa, na waliofundisha ni watu. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilikuwa inawapunja watu weusi. Ilipima ugonjwa kwa kuangalia fedha zilizotumika kumtibu mtu. Watu weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo, basi mashine ikadhani ni wazima kuliko walivyokuwa. Na mwaka 2020 madaktari wa huko huko walichapisha uchunguzi juu ya kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Hiki ndicho kifaa kilichomo hata katika vituo vyetu. Hatusemi kitupwe, maana kinasaidia sana. Twasema kwamba mama akisema, "Kifaa kinasema yuko salama, lakini mwanangu simwoni kuwa sawa," neno lake lisihesabiwe kuwa ujinga. Huo nao ni ushahidi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kujua ni jambo moja na kuwajibika ni jambo lingine. Huko California katika miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN, ya kushauri antibiotiki kwa maambukizi mazito. Ilipojaribiwa ilifanya vizuri sawa na mabingwa, lakini haikuingia katika kazi ya kila siku ya hospitali. Moja ya maswali yaliyoisumbua ni hili: ikikosea, nani atajibu? Miaka hamsini imepita na swali lingali pale pale. Mganga akikosea, yupo. Twamjua jina, twaweza kumwendea, naye aweza kutuangalia usoni na kutueleza. Mashine haiji matangani. Kwa hiyo mganga asemaye, "Si mimi, ni kishikwambi kimesema," ametua mzigo mahali ambapo hakuna mabega ya kuubeba.

Foleni ndefu

Hapa mganga wetu atasema, "Haya ni maneno mazuri, lakini njooni mwone foleni yangu." Naye ana haki. Mtu mmoja akiona wagonjwa hamsini kwa siku, akajaza na vitabu vya kumbukumbu, atashauriana na nani saa ngapi? Haifai kumlaumu kwa upungufu asioufanya yeye.

Lakini ndiyo sababu twapaswa kuuliza mapema: mashine ikiokoa muda, muda huo atapewa nani? Ukitumika kuongeza wagonjwa kumi zaidi kwenye foleni, tutakuwa tumenunua haraka. Ukitumika, hata dakika mbili tu, kumweleza mama na kumsikiliza, tutakuwa tumenunua shauri. Ni uamuzi wa wanaopanga kazi, wala mashine haitauamua. Na liko jambo dogo lisilohitaji muda mwingi: mganga ageuze kioo cha kishikwambi mgonjwa aone, au amsomee kwa lugha anayoielewa, aseme, "Mashine inashauri hivi, mimi naona hivi, wewe unaonaje?" Kwa mfugaji wa Kimasai asiyejua Kiswahili vizuri, itabidi awepo wa kutafsiri. Neno la mashine lisilosemwa mbele ya mgonjwa ni kama ushahidi uliotolewa nyuma ya mlango.

Sisi Wakristo tuna mfano wa kutukumbusha. Yule kipofu wa Yeriko alipoletwa mbele ya Yesu, kila mtu njiani aliona anachohitaji. Hata hivyo Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Hakuuliza kwa kuwa hajui. Aliuliza kwa sababu aliyesimama mbele yake alikuwa mtu, mwenye sauti yake, na umati ulikuwa umetoka sasa hivi kumwambia anyamaze. Ikiwa Yeye ajuaye yote aliuliza, mashine ijuayo sehemu haiwezi kuwa sababu ya sisi kuacha kuuliza.

Yatupasayo

Basi tufanye nini? Kwa wagonjwa na wazazi: tujifunze kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Mtu aweza kuamkia vizuri, "Shikamoo daktari," halafu akauliza kwa heshima: Ugonjwa huu ni nini? Itakuwaje nisipotumia dawa? Iko njia nyingine? Nirudi nikiona dalili gani? Na kama kuna mashine: Imesema nini, na wewe unakubaliana nayo? Vilevile tuwe tayari kusikia jibu la "mtoto huyu hahitaji dawa" bila kudhani tumedharauliwa.

Kwa waganga: msifiche mashaka yenu nyuma ya kioo. Mgonjwa akijua kwamba hamna hakika, hatawadharau. Atawahi kurudi hali ikigeuka.

Kwa wajumbe wa kamati za zahanati na vituo vya afya, ambao wengi ni majirani zetu na ndugu zetu wa kanisani: kifaa kipya kinapoletwa, ulizeni kinahifadhi nini juu ya wagonjwa, na taarifa hizo zinakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kazi mwaka 2023. Inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na haimwachi mtu bila utetezi mbele ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 juu ya akili mnemba, liliweka mbele ya yote kwamba uhuru wa mwanadamu wa kuamua ulindwe. Haki hizo zipo, lakini haki isiyojulikana kijijini ni sawa na dawa iliyofungiwa bohari.

Nao Umoja wa Akina Mama waweza kulifanya jambo hili kuwa somo la siku moja, kwa sababu akina mama ndio wanaokaa kwenye benchi lile mara nyingi kuliko sisi wengine.

Mashine zitakuja, ndugu zangu, na nyingine zitakuja kwa wema. Tuzipokee kama tunavyompokea mgeni mwenye ujuzi: tumpe kiti, tumsikilize vizuri, na tumshukuru kwa maoni yake. Lakini nyumba ina wenyewe. Mwili ni wa mgonjwa, dhamana ni ya mganga, na shauri ni lao wote wawili.